Wanataka Niseme Ni Mimi Niliyemwita Mtoto Wangu Jiwe

Admin, ficha jina langu, na ukificha ficha kabisa. Kuna wengine waliniahidi hivyo hivyo, na leo sipiti town bila kunyooshewa kidole.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nauza waru, yaani viazi, kando ya barabara. Kijana wangu, nitamwita Junior, ana miaka saba na haongei. Daktari alituambia ni autism, usonji, tukiwa tumesimama kwa corridor. "Mama, hii haina dawa, zoea tu," halafu akaita mgonjwa mwingine. Nilizunguka mwaka mzima nikitafuta msaada. Kanisani niliombewa mpaka sauti zikakauka, kwa wakwe nikaambiwa hiyo kitu imetoka kwa damu yetu. Mwishowe tukapata kituo kimoja huko Nakuru, watoto kama yeye wanafanyiwa therapy bila malipo kila Jumanne.

Nisiwadanganye, hapo ni mateso. Unatoka nyumbani giza bado, unakaa kwa benchi mpaka mchana, mtoto analia anajigonga kichwa, halafu akiingia ni dakika chache tu na mwalimu wa therapy yuko kwa simu. Siku moja Junior alikataa kushika mpira. Yule mwalimu akatuangalia sisi wamama, akasema, "Kufundisha hawa wenu ni kumwagilia mawe maji." Tuliinamisha vichwa wote. Mama Tracy, rafiki yangu wa hapo kwa benchi, alilia mpaka stage ya matatu. Lakini ni hapo hapo Junior alijifunza kuniletea kikombe akiwa na kiu, badala ya kujiuma mkono. Kwa hivyo tuliendelea kwenda.

Mwaka huu wakaja watu wa survey, ati wanataka kujua wazazi wameonaje huduma tangu watoto wapimwe. Msichana mmoja mpole akaniketisha kando. "Mama, toka moja hadi tano, umeridhika kiasi gani? Jisikie huru, jina lako halitatajwa popote." Ghai, mimi na huu mdomo wangu! Nilipeana moja, moja, moja. Nikamwambia ya corridor, ya benchi, na ya mawe. Alikuwa anaandika huku akisema pole, pole sana mama. Nilitoka hapo nikiwa mwepesi, nikanunua hata chapati.

Baadaye tukaitwa ukumbini tusomewe matokeo. Wageni wanaofadhili kituo wamekaa mbele, Madam mwenye kituo katikati yao. Mzee mmoja wa suti akasoma kwamba karibu wazazi wote wametoa tano. Tano! Hata Mama Tracy. Halafu akaendelea, "Isipokuwa mzazi mmoja kutoka Sachangwan, anayedai mtoto wake aliitwa jiwe."

Watu wangu, kwa hicho kituo anayetoka Sachangwan ni mimi peke yangu. Vichwa viligeuka vyote. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamgeukia Mama Tracy, "Si ulikuwepo? Si ulilia?" Akajifanya anatafuta kitu kwa handbag. "Mimi sikusikia kitu. Ukitaka kuharibu, haribia wako."

Jumanne iliyofuata mlinzi akatuzuia kwa gate. "Mama Junior, nimeambiwa nafasi yenu imepewa mwingine." Kwa group ya WhatsApp wamama wakaniita nyoka, ati wageni wakikasirika kituo kifungwe, machozi ya watoto wao yako kwangu. Nikatolewa kabla nijibu. Na Junior ameanza kujiuma tena. Siku hizi mikono yake naivisha soksi, na bado anang'oa kwa meno.

Nikameza kiburi, nikaenda kumwangukia Madam ofisini. Alinikaribisha chai, akaongea polepole akitabasamu.

"Mama Junior, nafasi iko. Jumanne kuna kikao na wale wageni. Utasimama useme yale maneno ya mawe ni yako. Ulikuwa na stress, ukamwita mtoto wako hivyo, halafu ukamsingizia mwalimu. Na uje na Junior, wageni watafurahi kumwona."

"Nisimame nimemshika mkono, niseme nilimwita jiwe?"

"Kwani ataelewa nini?"

Chai yake niliiacha hapo ikiwa moto.

Nilipomweleza mume wangu nilidhani atawaka. Hakuinua hata macho kutoka kwa sahani. "Si useme tu. Mdomo wako ndio ulimtoa, mdomo wako umrudishe. Huyo hata ukimwita mbuzi atacheka." Aki, baba yake mzazi! Niliamka nikamwachia hiyo ugali amalize peke yake.

Sasa sikieni kitu ambacho Madam hajui, na mume wangu hajawahi kujali kuangalia. Jumanne ndio siku lori hupitia kwetu kubeba waru. Junior akisikia tu hiyo lori, anachukua viatu vyake, anaviweka kwa miguu yangu, halafu anakaa mlangoni. Amefanya hivyo kila Jumanne tangu tufukuzwe. Nikimwambia hatuendi, anavisukuma tena kwa miguu yangu. Mtoto anayeijua Jumanne bila kuambiwa na mtu, atakosa kujua siku mamake alimwita jiwe mbele ya watu?

Na nikikataa, nani atamfundisha? Huo mkono wake unaisha nikiona.

Nyinyi wazazi wenye watoto kama wangu, nishaurini, na msinionee huruma. Kikao ni Jumanne hii. Lori itakuja, na ataleta viatu. Nimvishe, ama nivifiche?