Bi Nukta na Taa ya Bluu

Jina lake lote ni Bi Nukta, binti Fundi Saa, mjukuu wa Mama Kibaba. Mama Kibaba alipima nafaka miaka arobaini, na kidole chake hakikuingia ndani ya kipimo hata siku moja. Fundi Saa hakuachia saa inayochelewa nusu dakika, hata mwenyewe akija kulia mlangoni. Bi Nukta aliingia maabara ya fizikia na ufagio, akaishia kuwa mtunza vyombo. Darasa la saba lilimtosha, maana macho hayasomei chuo.

Jumatatu moja mwalimu mpya akaja na barua. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Namba ya Planck, ile inayounganisha rangi ya mwanga na nguvu yake, isipopimika sawa, maabara inafungwa, chumba kiwe stoo ya madawati.

Namba yenyewe ni ndogo ajabu: nukta, masifuri thelathini na matatu, ndipo sita na ushee. Unawasha taa ndogo za rangi nne, moja moja, ukiongeza umeme polepole. Taa ikianza tu kung'aa, unaandika volti. Nyekundu huwahi, bluu huchelewa. Tofauti zao ndizo zinazokupa namba.

Mwaka mzima wanafunzi walikuwa wakipata nane badala ya sita.

"Bi Nukta, andika sita tuishe. Nani atajua?" mwalimu akasema.

"Nitajua mie. Mapishi yako yapeleke jikoni, mwanangu, si kwenye daftari langu."

"Basi vyombo vyako vimezeeka."

"Hata mimi nimezeeka, mbona nakuona?"

Lakini neno lilimchoma. Siku tatu alibadilisha nyaya na betri. Nane ikang'ang'ania kama kupe. Alhamisi asubuhi aliinamia taa ya bluu, iliyo mwisho wa meza, chini ya dirisha, jua likampiga usoni. Akaganda. Kumbe taa huwaka mapema, jua ndilo linaloifunika! Kila mpimaji aliiona kwa kuchelewa, akaandika volti kupita haki yake.

Akavua mtandio, akajifunika gubigubi yeye na taa.

"Mama, unajifukiza?" mwalimu akacheka.

"Nafukiza ujinga utoke. Soma volti nikisema sasa!"

Walipima mara ishirini. Sita nukta tano.

"Kitabu kinasema sita nukta sita," mwalimu akanong'ona. "Tusogeze kidogo?"

Bi Nukta alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Ijumaa mkaguzi, mtu mzima na tai yake, aliingizwa chini ya mtandio akapima mwenyewe. Sita nukta tano. Akatoka nywele timtim, akaandika: kipimo kimekaribia kitabu vya kutosha, maabara ibaki wazi.

Mlango ulipofungwa, Bi Nukta aliukunja mtandio, akamkabidhi mwalimu pamoja na daftari.

"Sita nukta tano ni jasho langu. Kale kalikopungua kako humu chumbani, kamejificha. Jumatatu anza kukatafuta. Na ole wako ukapike."