Mavis Walker na Misitu ya Mfalme

Mavis Walker alikuwa na maringo, na wala hakuyaficha. Miaka thelathini na minane alikaa dirishani kwenye kiwanda cha sufu cha Harrowbeck, kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akinyofoa vifundo kwenye vitambaa. Kiwanda kikafungwa, yeye akabaki na pensheni, magoti mabovu na jina lake. Magoti hakupenda kuyataja. Jina ndilo alilolizungumzia, na akishaanza hapo, ndugu yangu, vua koti ukae.

"Sisi akina Walker tulitembea misitu ya mfalme," angesema, kidevu juu. "Jina lenyewe si linakwambia? Mtembeaji! Babu zetu walikuwa wakaguzi, wakilinda paa wa mfalme wasiibwe na watu ovyo."

Watu ovyo, kwa maoni yake, ndio waliozaa majirani zake wote. Juu ya jiko alitundika nembo ya ukoo, simba wawili na kofia ya chuma, aliyoagiza kwa posta kutoka London. Yule muuzaji angemchorea hata tembo kama angeomba, lakini nani angethubutu kumwambia?

Aliyekaa chini ya simba hao kila Jumanne na Ijumaa alikuwa Denzil Tucker, mpeleka barua mstaafu, aliyefiwa na mkewe zamani. Alikuwa mtu wa Devon, kusini-magharibi, mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Alikunywa chai, akala keki ya tangawizi, akasikiliza habari za misitu. Katika miaka minne alimposa Mavis mara tatu, na mara zote tatu alipewa jibu lilelile.

"Denzil, nakupenda, sikufichi. Lakini nikiolewa nawe nitaitwa Bibi Tucker. Hebu jisikilize mwenyewe! Jina la wakaguzi wa mfalme nikalizike chini ya Tucker?"

"Basi baki na lako, bibie. Mimi sina neno."

"Halafu watu waseme naishi na mwanamume bila ndoa? Umri huu? Wewe nawe!"

Mara ile ya tatu, iliyokuwa siku ya Jumanne, Denzil hakucheka kama kawaida yake. Alikung'uta makombo ya keki kwenye suruali, akasema dada yake kule Devon amemwandalia chumba. Jumamosi asubuhi angepanda treni, na safari hii hangerudi. Ijumaa angepita kuaga. Mavis akamtakia safari njema, akafunga mlango, akalia mpaka birika likakauka jikoni.

Alimpenda yule mzee, jamani. Ndiyo maana Alhamisi akapata wazo la kimavismavis: amtafutie maandishi. Akiona kwa macho yake ukubwa wa jina lenyewe, Denzil ataelewa kwamba hakudharauliwa, na pengine hata treni ataiacha. Akavaa kofia ya Jumapili, akaenda kwenye kanisa kuu la mji, ambako Hilda Crabtree, mwenzake wa kiwandani, alikuwa akitunza makaratasi ya kale. Hilda alikuwa na ulimi, na kwa siku nyingi alikuwa akiisubiri siku hiyo.

"Shoga, nilijua utakuja tu," Hilda alisema, akifunua daftari kuukuu la kesi za baraza la kabaila. "Wako huyu hapa, miaka mia sita iliyopita. Robert Walker. Kapigwa faini."

"Faini? Amemkamata mwizi akampiga kupita kiasi?"

"Pipa lake la mkojo limepinduka mlangoni mwa kanisa, siku ya Pasaka."

Mavis akavuta kiti.

"Na wewe ulivyofanya kazi ya sufu maisha yako yote!" Hilda akaendelea, raha imemjaa. "Kabla ya mashine, kitambaa kipya kilitiwa kwenye mkojo uliochacha, mtu akaingia humo akakikanyaga kutwa nzima, kitoke mafuta na nyuzi zishikane. Huko ndiko kutembea kwa babu yako. Ametembea sana, ila hajafika popote."

"Na msitu?"

"Nimetafuta, shoga. Humu hamna hata kichaka." Hilda akajifuta machozi ya kicheko. "Hata viwanda vya mwanzo vilituma watu mlango kwa mlango na ndoo kuukusanya. Wanasema mkojo uliosifiwa ni wa Wamethodisti, kwa kuwa hawagusi pombe. Wewe Mmethodisti hapo ungekuwa daraja la kwanza!"

Mavis alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Ijumaa Denzil alikuja amevaa koti la safari. Mavis angeweza kunyamaza, amwache aondoke akiamini alikataliwa na ukoo mkubwa. Alimimina chai, nyingine ikaingia kwenye kisahani.

"Denzil, hapakuwa na msitu," alisema ghafla. Akamwambia yote, pipa, Pasaka, na ile ya Wamethodisti ambayo hakukusudia kuisema. "Sasa cheka. Ni haki yako."

Denzil hakucheka. Alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Nilijua, bibie."

"Ulijua nini?"

"Kwetu Devon hata mtoto anajua Tucker ni nani. Ni mkanyaga nguo. Kazi ni ileile na pipa ni lilelile, ila nyinyi wa kaskazini mnamwita Walker. Siku ya kwanza uliponitajia jina lako nilijisemea, eh, huyu ni mtu wa kwetu."

"Miaka minne!" Mavis akaja juu. "Miaka minne nakutambia, nakudunisha, na wewe umekaa hapo unatafuna keki! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unapendeza ukisimulia misitu," Denzil akasema, masikio yamemwiva kwa haya. "Uso wote ulikuwa unachangamka. Sikuona sababu ya kukuharibia."

Mavis akakaa. Hapo ndipo aibu ilipomshika kwelikweli, na wala si aibu ya mkojo. Alikuwa amemtazama kwa juu mtu aliyekuwa akimstahi muda wote, akamkatalia kwa ajili ya paa ambao hawakuwepo. Machozi yakamtoka, hakujisumbua kuyafuta.

"Niombe tena," alisema.

"Mara ya nne?"

"Niombe, Denzil, kabla sijapiga kelele majirani wakaja."

Denzil akasimama, akavua kofia, akakohoa.

"Mavis, utakubali kuwa Bibi—"

"Nakubali," Mavis akasema. Hakumpa hata nafasi ya kufika kwenye jina.