Ovaroli ya Nyangi

Matrida hakulala usiku ule kwa sababu ya kabati la vyombo. Juu ya kabati ndipo mahali pekee penye mtandao katika nyumba yao kijijini Buswahili, na simu ya binti yake Nyangi ilikuwa imelazwa pale, ikisubiri ujumbe kutoka karakana moja ya Nyakato, mjini Musoma, inayotengeneza milango na matangi ya chuma. Walikuwa wamesema watajibu siku hiyo, na siku ilikuwa imeshakwisha. Nyangi mwenyewe, fundi wa kuchomelea mwenye cheti na asiye na kazi, alikuwa akikoroma chumba cha pili.

Mama alikuwa na sababu ya kukesha. Mwaka uliopita Nyangi aliitwa usaili Bunda, na ni Matrida aliyemvisha: gauni la Kipaimara lililoongezwa pindo, viatu vya kisigino, hereni. Kwao mtu akienda mbele ya wakubwa huenda kama anayekwenda kupokea sakramenti. Fundi mkuu akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Dada, hapa hatufungishi ndoa," wala hakumpa mashine aishike. Nyangi alirudi akicheka. Matrida mpaka siku hiyo alikuwa hajacheka.

Kulipopambazuka simu ikatetemeka, vikombe kabatini vikagongana.

"Nyangi! Amka, kabati linaongea!"

Ujumbe ulikuwa mfupi: Alhamisi, saa mbili asubuhi, uje na vyeti na nguo za kazi.

"Nguo za kazi niachie mimi," Matrida akasema.

"Mama, mimi ninayo ovaroli ya chuo."

"Ile yenye matundu? Watasema huna mama. Niachie!"

Akaenda mpaka gulioni Bunda, akapekua marundo ya mitumba mpaka akaipata: ovaroli ya bluu, kama mpya, inayong'aa, yenye ukanda wa rangi ya fedha mgongoni. Aliibeba kifuani njia nzima kama mtoto mchanga.

Jumatano jioni wakafikia kwa Jenoveva, mdogo wake Matrida, mjane anayekaa Nyakato. Jenoveva akavaa miwani ya marehemu mumewe, akakalia kigoda, akawa bosi.

"Wewe binti, kwa nini tukuajiri?"

"Kwa sababu mnatafuta fundi, na mimi ni fundi."

"Mjeuri huyu. Mtoeni nje!"

"Sasa nijibuje, mama mdogo?"

"Jibu hivyohivyo, ila utabasamu."

Wakamkata kucha, wakamvua hereni, wakamsuka nywele zilale chini ya kitambaa. Vyeti vikaingia kwenye bahasha, nakala nyuma, halisi mbele. Buti za ngozi zikapakwa rangi mpaka Jenoveva akajitazama humo na kujisifu. Ikabaki ovaroli. Miguu ilikuwa mirefu, kwa hiyo Matrida akaikata, akakunja pindo kwa ndani ili cheche zisipate pa kutua, akashona kwa mkono, akampa Nyangi aijaribu.

Kipande alichokata kilikuwa miguuni pake. Akachomoa uzi mmoja, akaupeleka kwenye kibatari bila hata kuwaza. Ndivyo walivyofanyaga kwao utotoni, baba yake alipokuwa mkulima wa pamba: hakuna kitambaa kilichoingia nyumbani bila kuchomwa uzi. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi huu ulijikunja, ukanuka plastiki, ukaganda kuwa shanga nyeusi, ngumu.

Matrida akaitazama ile shanga. Kule gulioni, kwa furaha, alikuwa amesahau kuchoma uzi. Mbele ya kioo Nyangi alikuwa akijigeuza huku na huku, amependeza hasa. Wakimwona hivi huenda wakamchukua palepale. Lakini cheche moja ikidondoka, nguo itayeyuka na kumganda mwilini.

"Ivue," akasema.

"Mama, nini tena?"

"Ivue, mwanangu. Nimekosea tena."

Akamwekea shanga kiganjani. Nyangi akaibonyeza, kisha akaangua kicheko mpaka akaketi sakafuni. "Kumbe ulikuwa unanipeleka kukaangwa kama sangara!"

Safari hii Matrida naye akacheka, machozi yakamtoka. Nyangi akatoa begini ovaroli yake ya chuo, pamba tupu, paja la kulia limetobokatoboka kama chekeche. Jenoveva akaingia chumbani, akarudi na suruali ya kaki ya mumewe.

"Kata viraka humu. Marehemu Stanislausi hakuvaaga nailoni."

Matrida akachomoa uzi, akauchoma.

"Dada! Hata marehemu humwamini?"

"Yeye namwamini. Suruali ndiyo sijafahamiana nayo."

Jivu likawa laini. Akashona viraka vinne, mishono midogo, iliyobana.

Alhamisi asubuhi waombaji watano walisimama uani mwa karakana. Fundi mkuu, Bwana Wanzagi, hakuanza na vyeti. Alipita akifinya mikono ya nguo. Wawili aliwaambia, "Hii nailoni. Kaa pembeni, tukutafutie koti." Kwa Nyangi akashika kiraka.

"Nani kashona?"

"Mama yangu. Yule anayechungulia nyuma ya uzio wa bati."

Matrida akajificha, amechelewa.

"Shikamoo, mama!" Wanzagi akapaza sauti. "Usitazame mwanga, utaumia macho!"

Matrida akajifunika uso kwa kanga, akabaki na masikio. Nyangi alishamwambia: sauti ya kuchomelea ikiwa kama dagaa kwenye mafuta, bila kukatika, kazi inakwenda vizuri. Binti alipewa mlango wa chuma, fremu, na bawaba tatu za kuchomelea. Dagaa wakakaangika. Wakanyamaza. Wakakaangika tena, taratibu, bila haraka. Matrida alisali kwa Kizanaki, maana Kiswahili kilikuwa kimemkimbia.

Kisha kimya. Akafunua jicho moja. Mlango ulikuwa umesimama ndani ya fremu yake, umefungwa, na Nyangi pembeni akijifuta jasho, nguo yake haijaungua popote.

"Tusubiri upoe," Wanzagi akasema. Wakasubiri. Kisha akainua kidole kidogo. "Binti, sikiliza. Mlango ukifunguka kwa hiki, bila kulia wala kukwama, Jumatatu saa moja na nusu uwe hapa."

Akausukuma.

Mlango ukafunguka kimya, ukafika katikati, ukatulia pale alipouacha. Nyuma ya bati kigelegele kikapasuka, na mwenyewe hakujificha tena.