Mto Uliofagiliwa kwa Mgeni

Goma haina mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama kati ya mawe meusi ya volkano kabla mtu hajamaliza kuanua nguo, na anayetaka maji anashuka ziwani na bidoni lake. Ndiyo maana watu wa mtaa wa Birere walimcheka fundi Lévi alipoanza kutengeneza turbini.

"Papa Bénita," Guylain, jirani yake muuza misumari, alimwambia, "hilo gurudumu yako itakunywa nini hapa? Fanta?"

Lévi aliendelea kupiga tupa. Alizaliwa upande wa Butembo, penye kijito katika kila bonde, na tangu utoto alijua kwamba maji yakiangushwa vizuri yanafanya kazi ya injini bila kuomba mafuta ya mazuti. Lakini Goma alifika na mashine ya kuchomelea tu. Akamuoa Charline, wakampata Bénita, na kwa miaka tisa wakala kwa milango na madirisha ya chuma. Turbini ilikaa kichwani.

Ya kwanza aliitengeneza kwa mabaki. Alichukua bomba nene, akalipasua kwa urefu, akapata vipande vilivyopinda kama kucha. Akavipanga kwa duara kati ya sahani mbili za chuma, akavichomelea kimoja kimoja. Kazi yake ni rahisi kueleza: maji yanashuka kwenye bomba kutoka juu, yanatoka kwa nguvu kwenye mdomo mwembamba, yanapiga zile kucha, gurudumu linazunguka. Gurudumu linavuta mkanda, mkanda unazungusha dinamo, na dinamo inatoa umeme.

Gurudumu lilikaa mlangoni mwa atelye yake ya kuchomelea miezi mitatu, mpaka siku alipopita Mama Mukantwari, mkunga wa kituo kidogo cha afya katika milima ya Masisi. Alikuja kununua mlango. Akasimama mbele ya gurudumu muda mrefu, akauliza, akaelezwa.

"Sisi tuko na kijito nyuma ya materinite," alisema. "Na mimi ninazalisha na torche ya telefone katikati ya meno. Siku moja nitaimeza, papa."

Lévi hakucheka. Charline alimzaa Bénita taa ikiwa imekatika, naye alikuwa nje ya dirisha akisikia yote.

Basi akatuma habari kwamba atakuja kupima maji siku ya Jumanne. Alifika, akapokelewa na viazi na maziwa ya mgando, akaenda kijitoni na pipa la lita mia mbili. Alielekeza maji yote ndani ya pipa huku akihesabu. Hesabu ya tano, pipa likajaa. Akapima tena, tano. Kwa maji hayo, aliwaambia, materinite itapata taa nyeupe, na umeme utabaki wa kuzungusha kinu cha mahindi. Wamama walipiga vigelegele. Lévi akarudi Birere, akatengeneza gurudumu pana kwa kipimo kile. Alijua hili ndilo la kwanza kutoka mkononi mwake kwenda kwa watu. Likikataa, hakuna bonde lingine litakalomwita, na mama yule ataendelea kuuma torche.

Likakataa. Siku ya kulifungulia maji, gurudumu lilizunguka kivivu kama ng'ombe aliyeshiba, na taa ya materinite ikawa nyekundu kama ncha ya sigara. Kinu hata hakikutikisika.

Lévi alilifungua, akalirudisha Birere juu ya lori la makabichi. Akabadilisha kucha zote. Akapanda nalo tena Masisi, taa ikawa nyekundu vilevile. Akabadilisha dinamo. Nyekundu.

"Usijichokeshe bure," Mama Mukantwari alimwambia kwa upole, na upole ule ukamuuma kuliko kicheko cha Birere.

Asubuhi ya siku ya tatu ya safari hiyo alipanda kufuata kijito, bila pipa wala chombo, kwa sababu tu hakutaka kukaa mbele ya watu. Juu kidogo ya mahali alipokinga maji ya bomba alikuta mfereji umetoka ubavuni mwa mto, umejaa maji, na mbele yake ng'ombe kama arobaini wanakunywa. Muzee Cikuru, mwenye ng'ombe, alikuwa ameegemea fimbo.

"Muzee, huu mufereji ni wa lini?"

"Wa baba yangu."

"Siku ile nilipima, sikuuona."

"Ungeuona namna gani? Tuliufunga na majani na udongo tangu Jumatatu." Muzee alitabasamu, maana aliona ni jambo la sifa. "Mugeni akikuja unafagia lupango, kiwanja ya nyumba yako, si vile? Sisi tulikufagilia muto. Ng'ombe walilala na kiu, juu ya heshima yako."

Lévi akakaa chini kwenye nyasi. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Akashuka kuchukua pipa, akapima tena mbele ya muzee. Lilijaa kwa hesabu ya kumi.

Vijana waliokuwa wakingoja kuendesha kinu waliposikia walitaka mfereji ufungwe moja kwa moja. Muzee Cikuru akachimba udongo kwa ncha ya fimbo. Wote wakamtazama fundi. Kama angesema ndiyo, gurudumu lake lingezunguka vile alivyoahidi, na jina lake lingepona siku hiyo hiyo.

"Nilipima vibaya," alisema Lévi. "Ng'ombe walikuwa hapa mbele ya mimi kufika. Maji ya taa iko. Ya kinu haiko."

"Kwa hiyo tutatwanga?" aliuliza mama mmoja.

"Mutatwanga, mama. Munisamehe."

Akakata kipande cha chuma, akaziba nusu ya mdomo wa bomba, kama mtu anavyoweka kidole kwenye robine ili maji yaruke mbali. Bomba likajaa hadi juu. Maji machache yakatoka kwa hasira, yakapiga nusu ya upana wa kucha, na gurudumu likashika mbio. Ndani ya materinite taa ikawa nyeupe. Ilikuwa saa sita mchana.

Mama Mukantwari aliitazama, akanyoosha mkono kuizima.

"Usizime," alisema Lévi. "Gurudumu ikikosa kazi inakimbia kama mwenda wazimu, itaunguza kila kitu. Iache iwake mchana na usiku."

"Watu watasema ninaharibu maji bure."

"Waambie maji inapita tu. Taa haiimalizi."

Vijana wa kinu hawakumuaga. Siku hizi Lévi akiitwa kupima kijito, hatumi habari. Anapanda siku ya soko, na gunia begani kama mnunuzi wa maharagwe, anauliza bei, halafu anauliza ng'ombe wa hapa wanakunywa wapi.