Upande wa Mama Ambao Foto Haikuuona

Ya mama yangu imebaki foto moja tu. Amesimama ufukweni Kalundu, ndagala, wale samaki wadogo, zimeanikwa nyuma yake, fundo la kitenge liko kifuani, amebana midomo, mikono yote miwili imepotelea nyuma. Mgongoni niko mimi, ila sionekani. Alifariki kabla sijajua kukumbuka, na tangu hapo nimetamani jambo moja: kujua alinibeba vipi.

Kazi yangu ni ya ordinatere, yaani kompyuta. Ninatumia programu iliyofundishwa kwa picha za miili mingi. Ukiipa foto moja ya mtu, inamsimamisha mzima, unamzunguka kama sanamu. Upande ambao kamera haikuuona inaubuni yenyewe, na ukiiomba tena inabuni mwingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mbele ya skrini hadi shingo ikakakamaa, nikapata mama wengi. Wote wameinama mbele, mgongo mtupu, maana programu ilichora mwili wake peke yake. Iliniuma. Mzigo uliomwinamisha ni mimi, nao haukuwamo.

Nikaipeleka ordinatere Luvungi kwa mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa. Siku ya foto alikuwa pale. Nilitaka anichagulie mmoja aliye wa kweli.

Alimtazama wa kwanza, akasonya.

"Huyu walimufunga mikono?" Nikamwonyesha wa pili. "Na huyu iko anaumwa kiuno."

"Mama mudogo, chagula tu."

"Nichagule nini? Hakuna mwenye alikubeba."

Akaweka pembeni mihogo aliyokuwa anamenya, akasimama, akainama kidogo, mikono nyuma. "Mukono moja hapa, chini ya matako yako. Ya pili ilikuwa inashika muguu, sababu weye ulikuwa unapiga mateke. Ule mwenye kupiga foto anasema musicheke, na dada kicheko kinamushinda."

Miaka yote nilidhani midomo ile imebanwa kwa hasira.

Nikamwomba abaki vile kidogo. Simu ilikuwa mkononi, lakini sikumpiga foto. Nilizunguka nyuma yake, nikasimama pale ambapo kamera haikufika. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umefumbata mguu usiokuwapo. Nikaingiza vidole vyangu humo.

Hakugeuka. Alivibana tu, akasema, "Tulia basi."