Maji ya Luh Kerti

Kwa miaka thelathini na moja, Nengah Rapeg ndiye aliyewatekea maji wafu wa kijiji. Mtu akifa, jamaa zake walimkabidhi chungu kipya kilichofungwa kitambaa cheupe, naye akashuka hekaluni, akaiomba chemchemi, akateka, akarudi nacho kichwani. Mchukua maji hasemi neno njiani, wala chungu hakigusi ardhi. Katika hilo Rapeg hakuwa na mzaha hata chembe.

Ketut Rimpen wa mtaa wa pili aliwahi kumsaidia, akakitua chungu ili amsimulie mtu jinsi jogoo wake alivyoshinda pigano la majogoo. Rapeg aliyamwaga yale maji mbele ya watu. "Kateke upya. Na huo mdomo uuache nyumbani." Watu walicheka. Miaka tisa ikapita bila wawili hao kusalimiana.

Kisha Luh Kerti, mke wa Rapeg, akafa kwa homa ya siku tatu. Mfiwa haingii hekaluni, wala aliyemgusa maiti, na majirani wote walikuwa wameshiriki kumwosha. Bila maji yale mwili wa Luh Kerti usingechomwa moto, kama ilivyo desturi. Aliyebaki, mwenye kuzijua dua, alikuwa Rimpen.

Rapeg alisimama nje ya lango la Rimpen.

"Ketut, sina mwingine."

"Hata mwenye mdomo huu, kaka?"

"Hata huo."

Rimpen alikipokea chungu.

Rapeg alingoja nje ya lango la hekalu, akiyasikia maji asiyoweza kuyaona. Rimpen alipopanda, goti lake lilikuwa linavuja damu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi zilizoota kuvu, lakini chungu kilikuwa kichwani.

"Umeumia?"

Rimpen alikishika chungu kwa mikono miwili. Rapeg alinyoosha mikono kukipokea, kama ilivyozoea mikono yake. Rimpen akarudi nyuma hatua moja: maji yakishatekwa, mfiwa hayagusi. Rapeg aliishusha mikono, akamfuata mpaka nyumbani huku akilia kwa sauti, kwani mfiwa hakukatazwa.

Maji yalipokwisha kunyunyizwa, Rimpen alisema kwa mara ya kwanza.

"Kila sikukuu ya Galungan mkeo aliniletea sahani ya nyama. Alisema umeituma wewe."

Rapeg alimtazama mkewe, uso umelowa maji ya chemchemi. Miaka tisa, na hakuwahi kujua.

"Sikutuma, Ketut. Hata mara moja."

"Najua, kaka," alisema Rimpen. "Nilijua tangu ile ya kwanza."