Kupeleka Spika Makunduchi

Mama yangu alikuwa hajawahi kunisikia nikipiga gitaa. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Nyingine zote nilizowaambia watu mjini zilikuwa za kujisitiri. Aliachwa na baba nikiwa na miaka saba, akarudi kwao Makunduchi, nami nikabaki mjini, Vuga, kwa baba, kisha nikaenda Kampala kusoma. Tulikuwa tukionana sikukuu hadi sikukuu. Gitaa nilijifunza huko chuoni, kwa hiyo kwake lilikuwa habari tu. Kila aliyetoka mjini alimwambia kwamba mwanawe anapiga. Yeye akiuliza linalia vipi, hakuna aliyeweza kumweleza.

Basi Mjomba Ameir, kaka yake mama, alipotuma salamu kwamba anamwoza binti yake na kwamba hilo gitaa langu nije nalo, sikungoja salamu ya pili.

Jumatatu asubuhi, Mji Mkongwe. Gitaa peke yake halisikiki penye watu wengi. Amplifaya ya kuendeshwa kwa betri ya gari nilikuwa nayo, spika sikuwa nayo. Nikaenda navyo, gitaa na amplifaya, kwa Bwana Kanji, fundi redio, ambaye duka lake halizidi upana wa mlango wake. Alikuwa na masanduku matatu ya spika. La kwanza la mvule, spika mbili ndani, sauti yake imeshiba. Nikalinyanyua mara moja, nikalirudisha chini polepole. La pili lilikuwa sanduku la chai lililotobolewa tundu la duara. Lilikuwa jepesi kama kapu, lakini kila nilipogusa uzi mnene mbao zake zilitetemeka zikatoa kelele zake zenyewe. La tatu lilikuwa la wastani, lina mkono wa ngozi juu na spika moja iliyotolewa kwenye gari la jeshi baada ya vita. Nikalibeba hadi kona ya msikiti na kurudi. Bega halikulalamika. Nikalichagua, isipokuwa nyuma lilikuwa wazi.

"Bwana Kanji, nataka unizibie nyuma."

"Kwa nini? Sanduku linapumua hili."

"Nimesoma kitabuni. Sauti ya nyuma huikuta ya mbele ikaiua. Ile nzito hasa."

"Kweli kabisa. Na hicho kitabu kimesema watu wamekaa wapi?"

"Mbele ya mpigaji. Watu hukaa wapi tena?"

"Wote?"

"Bwana Kanji, unauza au unanisomesha?"

"Kusoma nnaona ushamaliza," akasema, akachukua msumeno. "Ntaziba. Lakini natia skurubu, gundi sitii. Na bisibisi hii chukua, utanirudishia."

Nikaitia bisibisi mfukoni kwa adabu tu. Niliamini fundi yeyote anayeacha kazi yake ifunguke hana hakika nayo.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Darajani. Utingo wa gari la shamba alitaka sanduku lipande juu ya paa pamoja na mikungu ya ndizi. Nikakataa, kwa sababu uso wa spika ni karatasi na mtikisiko huipasua. Nikalipakata. Gitaa na amplifaya nikavisimamisha ubavuni, na betri ikakaa baina ya miguu yangu. Tulipita Tunguu, tukaingia kivuli cha msitu wa Jozani, tukasimama Kitogani. Hapo akapanda bibi mmoja, akakaa karibu yangu, akalitazama sanduku kwa muda.

"Ndani mna nini, mwanangu?"

"Spika, bibi. Inatoa sauti."

"Yasema yenyewe?"

"Mpaka itiwe betri."

"Basi sawa na mume wangu. Mpaka ale."

Gari zima likacheka, nami nikacheka. Baada ya Kitogani udongo mwekundu uliisha yakaanza mawe, na kila gari liliporuka nililikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili. Nilijiuliza kwa nini naogopa hivi. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba sauti ni hewa inayotikisika tu. Lakini miaka yote ile sikuwahi kumpelekea mama kitu nilichokitengeneza mwenyewe.

Adhuhuri, Makunduchi. Mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Huniambia hivyo hata ninapotoka kunenepa. Alisema kwa Kimakunduchi, nami hapa ninamwandika kwa maneno ya mjini. Baada ya chakula nilitoa gitaa, nikamwambia nitampigia kidogo, sisi wawili tu. Akanishika mkono.

"Hapana. Humu ntakusikia peke yangu. Miaka yote habari zako nazisikia peke yangu. Kesho, penye watu."

Nikalirudisha gitaa mahali pake.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Mjomba Ameir alinionyesha mahali pangu barazani. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani mbele ya nyumba, wazee safu ya kwanza. Wanawake walikuwa uani, nyuma ya nyumba. Ndivyo harusi zetu zilivyo. Desturi hii naijua tangu utotoni, na chuoni nimeibishia mpaka wenzangu wakachoka. Lakini dukani kwa Bwana Kanji, aliponiuliza "Wote?", haikunijia hata kidogo.

Niliweka sanduku juu ya kiti, kwa sababu likikaa chini sauti huishia mchangani. Nikapiga. Sauti ilitoka nene, imetulia, kama kitabu kilivyoahidi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipomaliza wimbo wa kwanza, Bi Mize, shangazi yake bwana harusi, akachungulia kutoka ukumbini, ndani ya nyumba.

"Huyo wa mjini anapiga au bado anatengeneza? Huku twasikia vyungu tu. Na mama yake katunyamazisha mara mbili. Tunyamaze tusikilize nini?"

Nililishika sanduku nikataka kuligeuza lielekee ndani. Mjomba Ameir akauweka mkono wake juu yake.

"Mwanangu, usiwape wazee mgongo. Na wao wamekuja."

Ndipo nilipoikumbuka bisibisi. Skurubu zilikuwa nane. Nilizitoa moja moja mbele ya safu nzima ya wazee, vidole vikiteleza kwa jasho.

"Harusi za mjini ndivyo zilivyo?" mmoja akauliza. "Ufundi kwanza?"

"Mwache," akajibu mwenzake. "Huenda anatafuta wimbo humo ndani."

Ubao ukatoka. Nikakiburuta kiti mpaka kizingitini, uso wa sanduku ukiwaelekea wazee, na nyuma yake wazi ikielekea ukumbini hadi uani. Nikaanza upya wimbo ule ule. Kitabu hakikusema uongo: mbele sauti ilikonda, ile nzito ikapotea. Lakini vichwa viliendelea kutikisika. Nyuma yangu vyungu viliacha kugongana, kimoja baada ya kingine. Nikapiga nikiwa nimewakabili wanaume, na mgongo wangu wote ukisikiliza. Nilipofika mwisho, kigelegele kimoja kilitangulia vingine. Sikujua cha nani.

Jioni, mama aliniletea wali.

"Ulisikia?" nikamuuliza.

Aliuweka mchuzi kwanza.

"Ulipoanza ulikuwa mbali," akasema. "Halafu ukaja."

Akanisogezea sahani.

Ijumaa asubuhi, kurudi. Ubao sikuuona nilipouacha. Mama alikuwa amefunikia nao mtungi wake wa maji.

"Una kazi nao?"

"Hapana, mama."

Mjini nilimrudishia Bwana Kanji bisibisi yake. Akaligeuza sanduku, akatazama yale matundu manane, akaitundika bisibisi mahali pake.

Anayetaka kununua sanduku la spika hushauriwa aangalie uzito, mbao na mkono wa kubebea, na ni kweli, vyote nimevibeba. Mimi sasa huanza kwa kuuliza yule ninayetaka anisikie atakaa upande gani. Siku hizi napiga katika klabu moja hapa mjini, na watu wote huwa mbele yangu. Wenzangu wananishauri nilizibe sanduku nyuma, sauti nzito irudi. Ninajua kwamba wanasema kweli. Kila nikifika nalivuta sanduku kutoka ukutani hatua mbili, nyuma lipumue, kisha ndipo ninapokaza nyuzi.